Sehemu Uliyoacha Kuitafsiri

Kaka yangu wa pekee,

Umeondoka Musoma bila kuaga, na wanasema uko kisiwani Rukuba, kwenye kambi za wavuvi. Unajua mimi siwezi kusema mbele za watu. Hata darasani najibu kwa kunong'ona. Lakini wewe ulimtangaza mama kwa kipaza sauti. Basi nami nitabandika barua hii kwenye gazeti la ukutani la shule. Nakala yako italetwa na mtumbwi.

Nakumbuka siku ulipoleta ile kaseti uwatafsirie watu, kama kawaida yako. Jalada lilikuwa na mtu anarusha teke, na banda la video pale Mwigobero likajaa mpaka wengine wakakalia ndoo za dagaa. Ukaiweka. Badala ya karate akatokea mwanamke mwembamba wa Ufaransa, mwimbaji maarufu, filamu ya maisha yake tangu utotoni, na maneno yote ni Kifaransa.

"Ngumi ziko wapi?" wakapiga kelele. "Mtafsiri, rudisha hela!"

Kifaransa chako ni "bonjour" tu, Kaka. Ungesema hujui. Wewe ukakohoa, ukaanza: "Tulieni, wazee! Huyu mama ni mjane. Anaimbaga vilabuni. Watoto anawafungia ndani na njaa, yeye anafuata wanaume!"

Watu wakatulia, nawe ukanogewa. Ukamfanya auze pombe ya mtama. Ukamvika kitenge cha kijani, wakati kwenye kioo amevaa gauni jeusi. Ukampeleka mpaka Bunda! Ufaransa kuna Bunda?

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Aisee, huyu si yule mama wa kwaya?" Banda zima likaangua kicheko. Na wewe ukacheka nao, ndani ya kipaza sauti.

Ndiyo, mama aliimba vilabuni Bunda, na kile kitenge cha kijani ni chake. Baba alikuwa amefariki, na madukani hata sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Hilo silikatai, wala mama halikatai. Lakini ni watoto gani waliofungiwa ndani? Wewe ulikuwepo! Alikwenda na sisi wote wawili. Alitulaza nyuma ya klabu, juu ya magunia ya pamba, na kila wimbo ukiisha alikuja kutushika miguu aone kama imepoa. Mimi nilikuwa naogopa kelele za walevi. Wewe ndiye uliyenisogeza upande wa ukutani, ukaniambia, "Lala. Akinyamaza ujue anakuja."

Sasa amenyamaza, Kaka, na haji. Kwaya ameacha. Anaanika dagaa kimya, anapika kimya. Zile nyimbo za Kijita alizokuwa anaimba akichota maji, sijazisikia tangu siku ile. Nikishika kitabu nasoma mstari mmoja mara tatu, kwa hasira. Nakasirika hata nikiona viatu vyako mlangoni.

Nimemsomea mama barua hii mpaka hapa, kabla sijaibandika. Nilidhani ataichana. Alisikiliza yote, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Jina lake usiliweke. Atajijua mwenyewe."

Kuna kitu kimoja sijasahau. Mwishoni mwa filamu yule mwanamke alisimama peke yake mbele ya watu, akaimba wimbo mrefu. Hapo ulizima kipaza sauti. Hakuna aliyedai ngumi. Nikageuka kukutazama, nikaona unafuta macho kwa mkono wa shati. Kumbe ulikuwa unajua unamsema nani.

Usituletee samaki. Usitume mtu na salamu za pole. Rudi wewe, ushike kipaza sauti kile kile, mbele ya watu wale wale, uitafsiri ile sehemu uliyoiacha. Waambie mama alitulaza wapi, na alikuja mara ngapi kutushika miguu.

Mama ataketi mbele. Mimi nitakaa karibu naye.

Ni mimi mdogo wako, uliyenilaza upande wa ukutani.