Vidonge vya Evangelina Viko Kwenye Koti Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa ukisoma mpaka mwisho utaona ni mimi ninayekusaidia wewe na hospitali zote za mkoa wetu huu mpya, maana nimegundua jambo lililowashinda madaktari, na mimi sekondari niliionea dirishani tu, lakini mwalimu mkuu mwenyewe alikiri kwamba ningeendelea ningemnyang'anya kazi. Nakaa Nakwa, Babati mjini, na viboko wa ziwa hili wananipisha njia, uliza mtu yeyote.

Sasa sikia. Ndani ya miaka minne ukoo wetu umepata watoto watatu wenye kasoro: wa dada yangu Ursula mdomo wazi, wa binamu yangu Christina nyayo zimepinda, wa shemeji yangu Romana mgongo wazi. Wauguzi wanasema kila mmoja ana lake. Ujinga! Mimi nilikaa siku moja tu nikapata kinachowaunganisha: vidonge vya kliniki, vile vya kuongeza damu. Ursula alivimeza, Christina alivimeza, Romana hakuvimeza kwa sababu alianza kliniki mimba ina miezi saba, lakini vya wifi yake vilikuwa kabatini na harufu aliivuta. Mke wangu alivimeza mimba zote saba na watoto wakatoka wazima, ila hiyo ni nguvu ya damu yangu, hata mbung'o akiniuma anakufa yeye.

Sasa Evangelina, mke wa mpwa wangu Theodory, ana mimba ya miezi miwili, nikamnyang'anya vidonge mbele ya ukoo mzima nikavitia kwenye koti langu, navyo vimo humo mpaka leo. Akalia: "Mjomba, nesi amesema nisikose hata siku moja." Nikamuuliza, "Huyo nesi ana mtoto katika ukoo huu?" Wote kimya, nikajua nimeshinda. Lakini tangu siku hiyo hata shikamoo hanipi. Nimwadhibu vipi?

Mjomba Remigius, Nakwa

Remigius,

Umeandika barua ndefu kuonyesha kwamba hujui kuhesabu. Umehesabu watoto watatu, ukawaruka saba wako ambao mama yao alimeza vidonge vilevile. Romana ukamwingiza kwa harufu! Hapo nilivua miwani. Ndani ya vidonge hivyo mna foliki, vitamini inayopunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, hasa ikianza mapema. Sisemi kukosa foliki ndiko kulikomdhuru mtoto wa Romana, maana mimi simpimi mtoto nisiyemwona. Nawe usimlaumu mama yake.

Je, kasoro hizo tatu zina uhusiano? Huenda zinao, ni watu wa ukoo mmoja. Huenda kila moja ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Atakayejua ni daktari atakayewapima wote na kuuliza habari za ukoo. Wewe ulikaa siku moja ukapata mjamzito wa kumliza.

Na barua nzima damu yako imesifiwa, majina ya watoto hayamo. Wanatibiwa? Mdomo hushonwa. Nyayo hufungwa plasta ngumu zikanyooka, zikiwahiwa. Mgongo unahitaji hospitali kubwa, bila kuchelewa.

Evangelina hana kosa. Vidonge vya kwenye koti lako usimrudishie, vimeshapikwa na jasho lako, mpeleke kliniki leo akapewe vingine. Kabla ya kutoka mwombe radhi mbele ya walewale walionyamaza. Mkoba wake ubebe wewe. Mkifika, kaa kwenye benchi la nje, ufunge mdomo. Shikamoo isubirie hapo.