Nusu Nyingine ya Kundi

Mjukuu wangu Akinyi,

Sisi huku Awasi tuko salama. Mamako ameanika mpunga kando ya barabara kama kawaida, na mguu wangu umeanza kunitii.

Lakini swali lako limenikasirisha! Eti mwalimu wenu chuoni anasema kondoo dume ni nusu ya kundi, nawe unaniuliza kama ni kweli? Kwani ile nusu nyingine inaokotwa sokoni?

Babu yako alipoleta dume wa sufu kutoka Kericho, mimi ndiye niliyemchagulia majike. Nilipitia kundi letu lote, nikipekua manyoya ya begani kwa vidole, nikawatenga wote wenye manyoya magumu. Wanakondoo wakazaliwa na sufu laini ya kusokotwa. Kwenye maonyesho, afisa wa mifugo akaishika, akamwambia babu yako, "Mzee, hongera! Dume wako amefanya kazi." Akamvisha babu yako utepe wa ushindi. Mimi nilikuwa papo hapo, nimeshika kamba ya kondoo. Babu yako akatazama viatu vyake.

Mwaka uliofuata akajichagulia majike mwenyewe. Dume alikuwa yule yule, lakini sufu ilitoka kama katani. Afisa akarudi, akaipapasa, akatikisa kichwa. "Mzee, shida ni hawa majike."

Akinyi, hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza majike kutajwa. Kamwambie mwalimu wako.

Ni mimi dani, nyanya yako, na vidole bado ninavyo.