Lori Lililosimama Sawa

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne ninayokutumia huko kwenye mashamba ya mkonge, na tatu za mwanzo hukuzijibu. Hii nakuomba usiichane kabla hujafika mwisho.

Unalikumbuka lile lori la mbao ulilokuwa ukiliendesha, lililoletwa kwetu gereji hapa Keko? Mbele lilikuwa limelala kushoto, nami kwa ujuaji wangu nikaongeza pleti moja ya springi upande huo tu. Wa kulia nikauacha na pleti zake kuukuu na tairi kipara. Tajiri wangu wa gereji akalizunguka, akaona limesimama sawa, akanipongeza. Wewe hukunipongeza. Siku zote ulikuwa ukiniambia, "Gari halipimwi limesimama, bwana mdogo."

Ulirudi safari ya kwanza unajikanda mabega. "Usukani unanivuta kulia kila nikikanyaga breki. Hebu litazame." Nikacheka mbele ya mafundi wenzangu: "Kaka, mikono yako imezeeka hiyo!" Nawe ukacheka, ukaondoka nalo.

Kwenye mteremko wa Pugu lori likakata kulia, likaingia mtaroni, na Mzee Mbaruku, aliyekaa juu ya mbao zake, akafa. Msibani walipokuuliza ulijibu, "Mikono imenishinda." Maneno yangu hayo, kaka! Nilikuwa nimesimama karibu yako, nikanyamaza. Wiki ile ile ukahama mji.

Juzi sikuweza kuvumilia tena. Nikalitengeneza lori jingine vilevile, springi ngumu kushoto, legevu kulia, na tairi kipara kulia, nikaenda nalo uwanjani peke yangu. Nilipokanyaga breki, upande wa kulia ulibonyea na usukani ukavuta kulia, ukaniponyoka. Unazijua nguvu zangu, na sikuuweza. Nilikaa humo ndani nikalia kama mtoto.

Jana nilikwenda kwa mjane wa Mzee Mbaruku nikamwambia yote. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na yule uliyemtwisha mzigo wako, umemwambia?" Tajiri amenifukuza gereji. Mama kila mchana anakupakulia chakula chako na kukifunika, na mimi siwezi kumtazama.

Nifungwe, nitukanwe, sijali. Njoo hata kunipiga, lakini njoo, kaka, maana sina pa kuuweka mzigo huu. Usiendelee kukata mkonge ukiitazama mikono yako kwa chuki. Mikono iliyoua ni hii inayokuandikia.

Ni mimi mdogo wako, niliyekucheka.