Wimbo Unaomwita Mume Wangu

Na ule wimbo, yaya Sifa, dada yangu mkubwa, niliokuwa nakusimulia kabla mtandao haujakatika, ni mtamu mno! Umetoka mwezi huu. Msichana mpya wa Goma anaimba mapenzi polepole, kinanda cha umeme kikilia kama kwenye kanda za ujana wa baba. Mume wangu Mahamudu anaupiga kutwa kibandani pake sokoni, akiwawekea watu muziki kwenye simu. Ananipenda, yaya, mpaka naona haya!

Ila kiitikio kinaita, "Mudi wa Lusangi, uko wapi?" naye, mzaliwa wa Lusangi, huitika, "Naam, mama," kama anayemjibu mke, bila kujua ameitika. Mimi nilicheka. Mama mkwe hakucheka.

"Weye bibi-arusi, usicheke. Ni marehemu mke wake wa kwanza tu alikuwa anamuita vile. Na sauti ni yake."

Jana, wakati wa kula, nilizima simu yake ili wimbo usisikike. Nilikuwa namchagulia samaki mnono alipoinua kichwa, akatabasamu kuelekea mlangoni. "Naam, mama. Nakuja."

Ninaandika nikiwa nimemshika mkono. Nitafika kwako huko Wamaza kabla mwezi haujaisha, na nitamleta. Simwachi peke yake nyumbani humu.

Mdogo wako anayependwa,
Rachida