Soksi za Magome ya Muwati

Dada Zubeda, shikamoo. Nakuandikia nimejifunga blanketi, maana baridi ya Iringa haina adabu.

Zile soksi zangu ulizokuwa ukizifukuza mpaka uani zimepona. Mama mwenyeji wangu hapa Kalenga huchemsha magome ya muwati kutia rangi majani ya kusukia vikapu. Siku ya pili tu akaziokota soksi kwa kijiti, akazitumbukiza chunguni. "Muwati unaua harufu, mwanangu." Kweli, nimezivaa siku nne na hazinuki hata kidogo!

Jana nikapata lifti ya lori la mahindi mpaka mjini, kumposea mdogo wetu Hamisi. Wazee wa binti wamenuna: Tanga mbali, mtoto wao watamwona lini? Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikavua soksi nitawadhe, nikamimina maji miguuni, yakatiririka mekundu kama ya machinjioni.

Bibi yake binti akapiga yowe. "Masikini! Mshenga kaja kwa miguu toka Kalenga, nyayo zote damu! Mtu wa namna hii mnamrudisha mikono mitupu?"

Nikafungua mdomo niseme ukweli, lakini baba mtu machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikaufumba. Nilipoinuka, nikachechemea kidogo.

Basi mwambie Hamisi amepata mke. Nakukumbuka sana dada, wewe na pweza wako wa nazi. Ila bibi naye anakuja harusini, kwa hiyo mkiniona nachechemea Tanga nzima, nyamazeni.

Mdogo wako,
Athumani