Tini Ikiinama Shingo

Jumatano, 3 Septemba 2025
Mama mkwe amefika. Mume wangu Luhende kamleta na pikipiki kutoka Majimoto, vumbi mpaka kwenye kope. Amekuja kukaa moja kwa moja, maana tangu mumewe afariki nyumba ile imemshinda. Nimefurahi — kweli nimefurahi. Ila chumba chake kitajengwa nyuma ya nyumba, pale penye mtini wangu. Fundi Gervas anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kupima msingi. Mti utakatwa kwanza.

Nimemkumbusha Luhende kwamba mti ule uliota kwa tawi alilolileta baba yangu siku tuliyohamia Mwese, na mwaka uliofuata akafa. Akasema mama ni mmoja, miti iko mingi. Nikajiuliza moyoni: na baba je, nilikuwa nao wawili?

Alhamisi, 4 Septemba
Nimechuma tini kumi, nikazipasua vipande vinne vinne, nikamwagia mtindi. Mama akauliza jina la tunda. Nilipolitaja akalisogeza bakuli taratibu, utafikiri lina nge. Eti huu si ndio mti Bwana aliulaani? Mchungaji wao kahubiri habari hiyo juzijuzi tu. Bahati yangu hiyo!

Nimekula mabakuli yote mawili peke yangu. Tamu sana.

Jumamosi, 6 Septemba
Leo nimezichoma juu ya mkaa, nikadondoshea asali ya jirani yetu Stanslaus. Ganda linapasuka, asali inachemka ndani. Luhende kala saba, kalamba vidole, halafu kaulizia tupa ya kunolea shoka. Mwanaume huyu!

Mama kasema harufu ni nzuri, lakini harufu hailaaniwi, linalaaniwa tunda. Nikamwambia — kwa heshima — kwamba mti ule ulilaaniwa kwa kukosa matunda, na huu umebeba. Akanyamaza. Mama akinyamaza ujue kuna kitu anakitafuna.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimerudi kutoka kisimani, namkuta mama midomo imevimba, anajikuna. Kumbe kachuma mwenyewe kwa siri! Na kachuma mbichi, yenye utomvu mweupe. "Unaona?" kasema. "Laana hiyo."

Nimempaka samli huku nikijiuma midomo yangu nisicheke. Kisha nikampeleka mtini. Mbichi imesimama wima, haitaki salamu. Ikiiva, inalainika na kuinamisha shingo, ndipo unaichuma.

"Kama mkamwana mwenye adabu," akasema, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Tukacheka wote. Hakuonja, midomo ilikuwa bado inamwasha. Lakini alibaki pale anakagua shingo moja baada ya nyingine.

Alhamisi, 11 Septemba
Jemu ya tini imeungua. Nilitoka kuongea na binti yetu Queen kwa simu, yuko bweni Mpanda, na mtoto yule akianza kuhadithia hamalizi. Imepona nusu chupa. Luhende kamaliza kunoa shoka.

Naogopa Jumamosi. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeamka nakuta moto umeshawashwa. Mama kachuma ndoo nzima — na zote za shingo iliyoinama! Kazichemsha kidogo na chumvi, kazipasua, kazianika kwenye mkeka chini ya anga wazi, hatua mbili kutoka kwenye mti. Nikauliza ni nini. Matobolwa, akasema. Kwao wanafanya hivyo na viazi vitamu: unachemsha, unakata, unaanika, unaweka mpaka wakati wa njaa.

"Nyie Wafipa mnakula kitu siku kinapoiva tu," akasema. "Sisi cha kiangazi tunakila masika. Hizi zinataka jua la siku nne."

Alikuwa anafukuza kuku alipoongeza, wala hakunitazama: "Bwana siku ile alikuwa na njaa, mama Queen. Angezikuta hizi, asingelaani kitu." Akatia moja mdomoni.

Nimeingia ndani nikalia kidogo. Ni furaha, nadhani. Habari ya chumba hakuigusa, na mimi nimeona haya kumuuliza. Ni chumba chake, na analala sebuleni.

Jumamosi, 13 Septemba
Gervas kafika na kamba na vigingi. Kapima, kapigilia vigingi viwili, cha tatu kikaangukia katikati ya mkeka wa mama. Luhende, shoka begani, akauliza mkeka uhamishiwe wapi.

"Usiguse," mama akasema. "Bado jua la siku tatu."

Luhende akacheka, akidhani ni utani. Akamweleza taratibu kwamba hata mti wenyewe unaondoka leo. Mama akainuka na fimbo yake ya kufukuzia kuku. Akampita mwanawe, akamuuliza fundi. Chumba kikisogea upande wa jikoni, dirisha likakaa huku, ataweza kunyoosha mkono akafikia tawi? Gervas akasema inawezekana, ila chumba kitakuwa kidogo.

"Mimi mwenyewe mdogo," mama akasema.

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, nawaona wote. Gervas kang'oa kigingi kimoja, anakizungusha mkononi, anamtazama Luhende. Luhende anautazama mkeka. Mama kampa mwanawe tini, kaipokea, hajaila. Shoka bado liko begani, ila shingo imeinama.