Mtaa Wangu Haufuriki, Ensaiklopidia Imesema

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijahamia kwa majirani. Mimi ni fundi cherehani, lakini jioni najitia msomi, naandika kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaruhusiwa kuchangia, na mke wangu ameshanibandika jina la Profesa, tena si kwa kunisifu. Basi nikaandika makala ya mtaa wetu, nikaeleza soko, zahanati, barabara ya lami inayokatika ghafla mbele ya kinyozi, na nikasema pia kwamba kule bondeni mtaro ukifurika maji yanaingia vyumbani hadi magotini, maana nimeyakanyaga mwenyewe, suruali za wateja nimezibeba kichwani. Mhariri mmoja nisiyemjua hata sura akaifuta sentensi hiyo. "Chanzo kiko wapi?" Nikamjibu, "Chanzo ni magoti yangu." Akasema magoti yangu hayajachapishwa popote.

Hapo mwenye akili angeacha. Mimi nikasaka maandishi yoyote kuhusu maji ya bondeni, nikapata moja tu, tangazo la gazetini la baba mkwe wangu, mwenye nyumba za kupangisha hukohuko, linalosema eneo ni kavu mwaka mzima, na kwa kuwa sikutaka makala yangu ibaki na pengo, nikaliweka, na tanbihi ya kulitaja kama chanzo! Makala ikasifiwa, nikatembea kifua mbele utadhani mtaa nimeujenga mimi. Sasa mdogo wangu wa kike, ana kichanga, ameisoma na kunipigia: "Kaka, nimeamini kwa sababu umeandika wewe." Anahamia Jumamosi, chumba cha chini kabisa cha baba mkwe. Mke wangu anasema nikifungua mdomo nitakuwa nimemvunjia baba yake heshima, nisirudi nyumbani. Niseme au ninyamaze? Naona aibu hadi mikono ya mashati naishona kinyume.

Profesa wa Cherehani

*

Profesa,

Nimecheka, kisha nikamfikiria huyo mtoto, kicheko kikakatika. Pole, ila usiizoee hiyo pole. Ulipokosa chanzo cha kuuthibitisha ukweli ukaona heri uongo wenye tanbihi? Nafasi ikibaki wazi ungepungukiwa nini? Kitambaa kisipotosha unamwambia mteja hakikutosha, humvishi pazia.

Mhariri usimlaumu, yeye hakuyaona hayo maji. Wewe umeyaona. Futa lile tangazo leo. Mwandishi wa habari za mitaa wa gazeti hili ataenda bondeni na mpiga picha mvua ikinyesha, tukichapisha utakuwa na chanzo, uandike utakavyo.

Kwa baba mkwe nenda mwenyewe, na mkeo pembeni, uongee kwa adabu: "Baba, chumba cha chini kinaingia maji, naomba mpwa wangu apewe cha juu." Akikataa, basi mdogo wako asihamie. Mkeo atanuna, tena ana haki, maana baba ni baba. Lakini muulize yeye mwenyewe kama angemlaza mwanawe pale chini. Jibu lake litawapatanisha haraka kuliko mimi.

Hayo yote yafuate baadaye. Kwanza weka gazeti chini, shika simu. Umewaeleza watu usiowajua mtaa mzima, hebu mweleze mdogo wako chumba kimoja.